Mmea Ulioko Kila Mahali Isipokuwa Kwetu

Mkate wa kwanza niliokula ulikuwa umefungwa kwa gazeti. Aliuleta mjomba Omuse, ndugu ya mama, aliyekuwa akibeba mizigo pale stesheni ya Malaba na kulala kwetu Chakol. Alikuwa ametoka nao Tororo ameubana kwapani, na jua lile, kwa hivyo wino wa gazeti ulikuwa umehamia kwenye mkate. Tukala hivyo hivyo, mkate na herufi zake. Baba akacheka, akasema hawa watoto sasa watakuwa maprofesa. Mimi niliacha shule darasa la tatu, basi oneni wenyewe herufi za kula zinavyosaidia.

Mjomba hakutupa lile gazeti. Alilibandika ukutani kwa uji wa muhogo, na kila alipopata lingine akalibandika, mpaka chumba chake kikawa kimevaa magazeti kutoka mlangoni hadi dirishani. Kusoma kwangu nilikojifunza ni pale. Mpaka leo nikishika gazeti naanza katikati, kwa sababu chini panya walikuwa wamekula na juu sikufika.

Najua mmeniuliza kitu kingine. Mnataka kujua kwa nini naishi hapa Amukura kwa binti yangu na ninayo nyumba Chakol. Nakuja huko. Gazeti ndilo litanileta.

Siku moja alikuja Mzungu na karani wake. Kazi yao ilikuwa kung'oa mimea na kuikausha katikati ya magazeti, imebanwa kwa mbao na mikanda. Mvua ilikuwa imelowesha magazeti yao yote, na mtu akawaambia kuna nyumba Chakol imejaa magazeti. Mjomba aliubandua ukuta wake wote akawapa, anacheka, anaona ni heshima. Mimi nikalia nyuma ya nyumba kama mtu aliyefiwa. Wakati nalia, nyanya yangu, sisi Wateso tunasema tata, alipanda mwambani nyuma ya boma akashuka na mmea mkononi, na mizizi yake na maua yake, akampa Mzungu. Kesho yake akampa mwingine. Niliona kwa macho. Walichozungumza sikusikia, nilikuwa na msiba wangu wa magazeti.

Mmea wenyewe ni mdogo. Majani ya duara yenye meno pembeni, unakaa kwenye ufa wa jiwe, hautaki udongo mwingi. Mzizi wake ukiutafuna ulimi unakunjamana kama ngozi iliyoanikwa. Tata aliwapa akina mama waliojifungua damu ikakataa kusimama. Mama yangu alipewa siku niliyozaliwa mimi, mke wangu alipewa siku ya binti huyu ninayekula chakula chake. Jina la mmea, lile la nyumbani, sitaliandika, hata kwenu. Hapa nitauita mkazo.

Mwaka huu walikuja watu wa kokoto. Walitaka mwamba wetu wote, wauponde. Mwamba ni wa ukoo, na watoto wa marehemu ndugu yangu walikuwa wamekubali. Nikakataa, peke yangu. Akaja ofisa wa mazingira, nikampandisha juu nikamwonyesha mkazo. Aliinama akaangalia vizuri, mtu wa heshima kabisa.

"Mzee, huu ni mmea wa maana," akasema. "Lakini hao wengine wanasema umeupanda wewe, juzi, ndio uzuie kazi."

"Nani anapanda kitu kwenye jiwe?"

"Mimi nakusikia. Lakini nitasimamia nini? Kuna madam kutoka ile nyumba kubwa ya mimea mikavu, yuko Busia wiki hii na picha za mimea yote iliyotolewa huku zamani. Kama kuna rekodi inasema huu ulitoka hapa, mimi nasimamisha hii kazi. Kama hakuna, sina mguu wa kusimamia."

Moyo wangu ulitulia. Si nilikuwepo siku mmea ulipotoka?

Chakol mpaka Malaba

Busia ingekuwa njia yangu, lakini nilianza kwa kuipa mgongo. Nilikwenda Malaba kwanza kumwona Okisai, mtoto wa kwanza wa ndugu yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyewaongoza wenzake kukubali, na mashine ilikuwa inangoja neno lake tu.

Pikipiki iliyonibeba ilitoboka gurudumu pale mstari wa malori unapoanzia. Dereva wa pikipiki akaniambia, "Mzee, subiri hapa, narudi sasa hivi," na mpaka leo sijamwona. Nikakaa kwenye kivuli cha lori. Chini yake, katikati ya magurudumu, dereva Mnyarwanda alikuwa anapika maharagwe na ndizi kwenye jiko dogo. Akanipakulia sahani imejaa, hata hakuniuliza jina. Nikasema moyoni, dunia bado ina watu. Nilipomaliza kulamba vidole akachukua mkeka wake.

"Sasa mzee, mimi nalala kidogo. Wewe angalia tairi za nyuma. Juzi wamefungua moja."

Kumbe aliniona nimekaa pale na fimbo akadhani mimi ni mlinzi. Nami nilikuwa nimeshakula. Ningefanya nini, niyatapike maharagwe? Nililinda lori la watu mpaka jua likapinda, mwenyewe anakoroma, mwamba wangu unangoja.

Okisai nilimkuta kwenye kibanda chake, kazi yake ni kuwafuatilia wenye malori mambo ya forodha. Aliinuka akanipa kiti chake. Adabu anayo, siwezi kumsingizia.

"Baba mkubwa, umekuja kunisalimia ama kunitukana?"

"Nimekuja kuomba."

"Eh! Hiyo ni mpya."

Nikamweleza habari ya madam wa Busia. Akasikiliza huku anajibu simu mbili.

"Sawa," akasema. "Lete hiyo rekodi. Ikisema Chakol, ikisema mwamba wetu, mimi mwenyewe nitaenda nitoe jina langu na majina ya ndugu zangu. Mashine itangoja mpaka urudi. Lakini isiposema?"

"Itasema. Nilikuwepo."

"Isiposema, baba mkubwa, usiende kulala mbele ya mashine watu wakupige picha. Utatuaibisha. Watoto wetu wanazunguka na mifuko mitupu kutafuta kazi na wewe unalinda majani."

Nikampa mkono. Akaniagizia soda nikainywa bila hamu, kwa sababu nilikuwa nimepewa nilichotaka, na bado haikuwa tamu.

Malaba mpaka Busia

Kutoka Malaba nilipata pikapu ya vitunguu. Nilikaa juu ya magunia na mama mmoja wa upande wa Uganda, anaitwa Nalongo kwa sababu alizaa mapacha. Alikuwa anauza gonja, ndizi za kuchoma, akanipa moja akataka hadithi. Nikampa. Nilipofika kwenye mzizi akanikatiza.

"Ssebo, mzee wangu, huo mzizi nautaka. Unaota wapi?"

"Mbali," nikasema, na kidole changu kikaonyesha upande wa ziwa. Mwamba ulikuwa nyuma yangu kabisa. Wala sikufikiri. Kidole kilikwenda chenyewe.

Ndivyo tulivyo sisi wa dawa. Mahali pa dawa hapatajwi kwa mtu ambaye hajachimba nawe. Ukipataja, mzizi unapoa, unabaki kuni. Yule ofisa nilimwonyesha kwa sababu mwamba wenyewe ulikuwa unakwenda kupondwa. Kwa hivyo ukiulizwa unataja kwingine, na anayeuliza akiwa mtu wa huku anajua umetaja kwingine, anakushukuru, hakuna aliyekosewa. Nilitafuna gonja yangu nikaangalia barabara. Nilikuwa sijaona bado shimo nililokuwa naliendea.

Madam wa mimea tulimkuta kwenye ukumbi wa hoteli, mimi na mlinzi wa getini ambaye alidhani nimekuja kwa mkutano wa wazee akataka kunipa kofia. Msichana mwembamba, anaitwa Nafula, mtoto wa huku huku, alisomea mbali. Akaniletea chai. Akafungua kompyuta, akatafuta, akaniita, "Njoo uone, mzee."

Ulikuwa pale. Umekauka, umekuwa rangi ya tumbaku, umebandikwa kwenye karatasi nyeupe, lakini ulikuwa ni ule. Mzizi ulikuwa umepasuka upande mmoja pale jembe la tata lilipopita. Watu wote wa siku ile wamekufa, mjomba, Mzungu, karani, tata, na ua lake bado limeinamisha shingo vilevile.

"Ndio wenyewe," nikasema. "Sasa soma hapo chini. Soma palipoandikwa Chakol."

Nafula akasoma polepole. Akasoma tena. "Huu wa kwanza umeandikwa Matayos, mzee. Wa pili umeandikwa Rukala."

Hapo ndipo niliposikia, baada ya miaka yote ile, mambo ambayo sikuyasikia nikilia nyuma ya nyumba. Karani aliuliza, "Mama, umeutoa wapi?" na tata akajibu kama mtu mwenye heshima zake anavyojibu. Leo Matayos. Kesho Rukala, alikoolewa dada yake. Angekuwa karani wa huku angecheka. Lakini alikuwa mtu wa kwingine, akaandika.

Nilimweleza Nafula yote. Hakunicheka.

"Mzee, sisi hatufuti kibandiko, haya maandishi ya chini ya mmea. Kikiandikwa kimeandikwa. Lakini naweza kuongeza neno pembeni, kwamba mahali hapa pana shaka, na familia inasema ni Chakol. Hilo ofisa atalikubali, nitaongea naye mimi mwenyewe. Ila siwezi kuandika shaka kwa mdomo wako tu. Nenda Matayos, nenda Rukala kama maji yatakuruhusu, mimi barabara imenishinda. Uliza wenyeji wanaojua mimea. Wakisema haupo na haujawahi kuwepo, nipigie, niwasikie wenyewe."

"Rukala?" nikasema. "Rukala hakuna jiwe la kumfukuzia kuku!"

"Basi itakuwa rahisi," akasema, akanipa picha ya mmea.

Busia mpaka Matayos

Nikaondoka kwenda kutafuta kitu ambacho hakipo, nishuhudiwe kwamba hakipo. Nimeishi sana, safari kama hiyo sikuwahi kwenda.

Matayos nilifika siku ya soko. Nilielekezwa kwa mama mmoja mwenye mkeka wa mizizi na magome, mama mnene, anaongea na wateja watatu kwa pamoja. Nikasubiri zamu yangu. Nikampa picha.

"Mama, hii iko kwenu?"

"Iko."

"Angalia vizuri."

"Kwani mimi kipofu? Iko."

"Inaota kwenye jiwe, mama. Huku si kwa mawe."

"Mzee, unataka ama hutaki?"

Nikapiga simu, nikafikiri akisikia sauti ya mwenye elimu atasema kweli. Nikampa. Akaishika mbali na sikio, akapaza sauti soko zima lisikie.

"Haloo madam! Iko! Iko nyingi, nyuma ya kanisa huku! Nikufungie kiasi gani?"

Nikamnyang'anya simu, imeshakatika. Nikachuchumaa mbele ya mkeka.

"Mama, mbona umesema iko?"

Aliniangalia kama naumwa. "Wewe mzee, ukienda dukani uulize sukari, mwenye duka anasema hana? Anasema kaa hapo, halafu anatuma mtu kwa jirani. Nikisema hii sina, kesho wataniambia hata ile sina. Mimi nalisha watoto hapa. Kaa, ule."

Akanipa ugali wa wimbi na omena, dagaa wa ziwani. Nikala kwa hasira, lakini nikala. Alikuwa amepika vizuri sana yule mama, na hilo liliniongezea uchungu.

Matayos mpaka Rukala

Mto Nzoia ulikuwa umevunja tena tuta la kuzuia mafuriko. Pikipiki ilinifikisha lami ilipozama, kisha nikatembea maji ya magoti, kisha maji ya kiuno, kisha mvuvi mmoja akanipandisha mtumbwi tukapita juu ya mashamba ya watu. Niliona ncha za mahindi chini ya maji. Niliona choo kimeinama. Nikajiambia, hapa angalau hakuna mtu atakayesema ana mmea wa jiwe. Hawana hata nchi kavu.

Watu walikuwa wamehamia juu ya tuta na turubai zao. Mzee wa kijiji anaitwa Wandera, mtu mrefu, ana kipaza sauti begani kama bunduki. Walinipokea vizuri kupita kiasi. Wakanitafutia kiti, kilikuwa kimoja tu. Wakanipa kamongo wa mchuzi, yule samaki anayejificha kwenye tope, mimi simpendi, nikammeza kwa heshima. Nilikuwa na picha mkononi na simu mfukoni, na macho yao yote yalikuwa kwenye picha na mfuko.

Nikachagua maneno. "Wazee, kina mama. Huu mmea huku kwenu hakuna, sivyo?"

Wakaangaliana. Halafu Wandera akakohoa.

"Uko."

"Uko!" wakaitika akina mama.

"Huku kwenu, majini?"

"Uko kwangu," akasema mmoja. "Kwangu pia," mwingine. Mzee mmoja asiye na meno akasema ameurithi kwa baba yake.

Simu ikalia. Ni Nafula, anauliza kama nimefika salama. Kabla sijafungua mdomo Wandera alikuwa ameichukua kwa mikono miwili.

"Madam, karibu Rukala! Mmea uko, kila boma! Tunaomba tu mtuandike mapema, maji yamezidi!"

Alipomaliza, nilimvuta pembeni, pale tuta linapopinda.

"Wandera, ndugu yangu, mbona mnadanganya?"

Hakukasirika. Alikaa chini kwenye udongo, miguu yake ikaning'inia juu ya maji.

"Walikuja watu zamani kidogo, wakauliza nani ana bwawa la samaki. Sisi tukasema kweli, hatuna. Wale wa upande ule wakasema wanayo. Wakaletewa vifaranga vya samaki, na wavu, na mafunzo. Ukweli tumeshaujaribu, mzee. Haukutulisha."

"Lakini huu si mradi! Ni mwamba wangu unaenda kupondwa!"

Akacheka. "Mtu avuke haya maji yote kwa sababu ya jiwe?"

Nikamweleza mpaka akaacha kucheka. Wandera si mtu mbaya. Aliinuka mwenyewe akasema mpigie, nitasema kweli. Nikapiga. Akasema, "Madam, nilikosea, huku huo mmea hatuna, hatujawahi kuona."

"Mpe mzee simu," Nafula akasema. Nikaichukua. "Mzee, umewaambia nini hao watu?"

Rukala mpaka Busia

Njia ya kurudi siikumbuki vizuri. Nilinyeshewa. Nilikula kitu fulani mahali fulani. Nilikuwa nafikiria maneno ya kumwambia yule msichana, na kila nikiyapanga yalikuwa yanaanza na mtu fulani kudanganya.

Alikuwa anafunga mizigo yake. Akaniletea chai tena, akaweka sukari mwenyewe, akakoroga. Mtu akikukorogea chai hivyo ujue ameshamaliza kuamua.

"Ofisa alinipigia akauliza," akasema. "Ilibidi nimjibu. Nimemwambia kibandiko kinasema Matayos na Rukala, na wenyeji wanasema bado uko kwa wingi."

"Lakini Wandera alisema kweli!"

"Baada ya kukaa na wewe, mzee. Jiweke mahali pangu. Nyanya yako alidanganya, mama wa soko amedanganya, watu wa Rukala wamedanganya, halafu wamesema kweli wewe ukiwa umewasimamia. Katika watu wote hao mkweli ni wewe peke yako, na wewe ndiye mwenye jiwe. Mimi nakuamini. Naapa nakuamini. Lakini nitaandika nini?"

Jibu la hilo nalitafuta mpaka leo. Alinitolea picha ya ule mmea uliokauka, kubwa, ya kwenda kuweka nyumbani. Nikamwambia picha yake ni nzuri, aiweke.

Busia mpaka Chakol

Mashine niliisikia kabla sijauona mwamba. Okisai alikuwa ametimiza ahadi yake, alingoja mpaka ofisa alipomwambia habari ya Busia, na ofisa alikuwa na simu haraka kuliko miguu yangu. Wamekwishatoboa mashimo ya baruti upande wa mashariki. Vijana wa ukoo wamevaa kofia za plastiki, wanacheka, wana kazi. Hata hilo nililiona, siwezi kusema sikuliona.

Okisai alishuka akaja kunipokea. Alikuwa na kamba mkononi, nyekundu na nyeupe.

"Baba mkubwa, pole na safari. Mimi sitaki tuwe maadui. Nimeongea na msimamizi. Njoo utuonyeshe hayo majani yako yako wapi, tuyazungushie kamba. Hapo hatutagusa."

Msimamizi akaitikia kwa kichwa. Mashine ikazimwa. Vijana wote wakaniangalia, wananingoja ninyooshe mkono.

Niliuangalia mwamba. Mkazo hauko mahali pamoja, uko kwenye kila ufa, kuanzia juu mpaka chini, na nyufa zile ndizo baruti inazozitafuta. Niliangalia ile kamba. Ingetosha kuzungushia mbuzi. Nikionyesha ufa mmoja, nitakuwa nimewapa nyingine zote wazipasue.

"Onyesha tu, baba mkubwa," Okisai akasema, taratibu. "Kidole tu."

Nikahamisha fimbo kutoka mkono mmoja kwenda wa pili. Nikageuka, nikashika njia ya Amukura. Nyuma yangu nilimsikia akiita, mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili kwa jina langu. Halafu mashine ikawashwa. Chakol sijarudi tena.